Choroko Kwenye Mpira wa Wavu

Sauti ya Mtafsiri niliifahamu miezi kadhaa kabla sijaiona sura yake. Nilipohamia Kakola nikitokea Shinyanga mjini, cherehani yangu ikiwa imefungwa kamba nyuma ya lori la mashudu ya pamba, chumba pekee nilichopata kilikuwa kimegemeana na banda la video. Kati yangu na banda palikuwa na bati moja tu, tena lenye matundu ya misumari. Nilikuwa nampima mteja kiuno huku mtu asiyeonekana akipaza sauti upande wa pili kwamba zimebaki pointi mbili na kidole cha nahodha kimeteguka. Mwanzoni nilichukia, nikamwambia mwenye nyumba anitafutie chumba kingine. Alipokuja kuniambia kimepatikana, mimi ndiye niliyekuwa nimesimamisha cherehani ili nisikie vizuri.

Hakuna aliyemwita kwa jina. Wachimbaji, akina mama wa sokoni, hata mwenyekiti wa kitongoji, wote walisema Mtafsiri. Kazi yake ilikuwa kukaa pembeni ya televisheni na kipaza sauti kilichoviringishiwa leso, akisema kwa Kiswahili yale wanayosema watu wa kwenye picha. Kichina hakukijua, Kihindi hakukijua, Kijapani ndio kabisa. Kiingereza chake kiliishia kwenye salamu. Asubuhi, banda likiwa tupu, aliangalia picha nzima mara moja akiwa amezima sauti, mikono juu ya mapaja, kimya. Mchana alikuja akaisema. Nilimuuliza siku moja anajuaje wanachosema. Akaniambia midomo haina maana, mtu akitaka kujua kinachosemwa atazame mabega.

Nje ya banda alikuwa mtu mwingine kabisa. Ukikutana naye njiani ukamwamkia, marahaba yake ilikuwa ndogo mpaka unaweza kudhani jino linamuuma. Alivaa koti hata jua likiwa la kuchoma, na viatu vyeusi vya kamba alivyovipiga brashi mara tatu kwa siku, kwenye mji ambao vumbi lake jekundu halimheshimu mtu. Brashi ilikaa mfuko wa koti. Lingine lililowashangaza watu ni kwamba mpira wa miguu hakuupenda. Siku za mechi kubwa, Kakola nzima ikiwa imegawanyika rangi mbili, yeye alilala. Alisema uwanjani hakuna wa kukuambia mchezaji yule ameamkaje nyumbani kwake, sasa utamshangilia vipi mtu usiyemjua?

Na matusi hakuyataka. Filamu ya majambazi ingekuwa na matusi kuanzia mwanzo hadi mwisho, jambazi ameshika bastola, mishipa ya shingo imemtoka, na Mtafsiri akamsemea, "Ndugu yangu, umenikosea sana." Watu walicheka mpaka mabenchi yakaanguka. Yeye hakucheka. Aliona hivyo ndivyo mtu angepaswa kusema.

Mbele ya mlango wa banda, mkono wa kushoto kama unaingia, alikaa Mama Minza na meza yake ya chai na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Alikuwa mke wa Mtafsiri. Nasema alikuwa, ingawa hakuna aliyewaachanisha. Miaka ya nyuma, wakiwa kijijini upande wa Shinyanga, ilitokea rashi ya dhahabu huko Geita, watu wakikimbilia machimbo mapya, na Mtafsiri, wakati huo kijana mwenye nguvu zake, aliamka asubuhi moja akaenda. Hakuaga. Alikaa miaka minne bila kuleta hata salamu. Aliporudi, akiwa na kikohozi na sanduku la bati, nyumba ilikuwa imefungwa, Mama Minza alishachukua mtoto na kuondoka. Ilimchukua muda mrefu kumpata. Alipomkuta Kakola anauza chai mbele ya banda la video, aliomba kazi ndani ya banda.

Mama Minza hakumfukuza. Hakumsemesha pia. Kwa miaka sita, kila siku saa saba mchana, alimimina kikombe cha chai ya tangawizi, akamkabidhi mteja yeyote anayeingia: "Mpelekee huyo wa ndani." Kikombe kilirudi kimeoshwa. Hayo ndiyo yalikuwa maongezi yao. Bandani hakuwahi kuingia hata siku moja, hata kwa kuchungulia, na kila mtu pale alijua kwamba katika watu wote waliojaa kwenye yale mabenchi, Mtafsiri alikuwa anamsubiri mmoja ambaye yuko nje. Sisi tulichokuwa tunasubiri ni kuona kama atakuja kuingia.

Mimi nami nilikuwa na kazi ya pili, ya siri. Niliandika hadithi za mapenzi kwenye simu, nikizituma kwenye kundi la wasomaji, sehemu ya kwanza, sehemu ya pili, hivyo hivyo. Nilijiona mwandishi. Ila wasomaji walikuwa wananikimbia. Walikuwa wanaaga kwa adabu, "samahani dada, simu imejaa," na mimi si mtoto, nilijua simu haijajaa.

Mtafsiri aligundua siku alipoleta koti kubadilishwa bitana. Aliniona naandika, akaomba asome. Alikaa kwenye kigoda cha wateja akasoma sehemu tatu, kisha akanirudishia simu kama mtu anayesogeza pembeni sahani ya wali wenye mchanga.

"Huyu mwanamke mbaya wako," akasema, "kwao ni wapi?"

Sikuelewa. Hadithi yangu ilikuwa na msichana mzuri, na mwanamke mwingine aliyetaka kumnyang'anya mchumba, mwenye wigi refu na mganga wake. Nilimwambia kwao hakuna maana, huyu ni mbaya tu. Akatikisa kichwa. Akaniambia niende bandani kesho yake mchana, picha aliyoileta kutoka Mwanza ni katuni ya Kijapani ya michezo, nikamsikilize mpinzani. Nikamwambia mimi nasikia kila siku kupitia bati. Akasema basi nisikilize kwa makini, nisiwe nasikia kama mtu anayesikia mvua.

Hizo katuni za michezo zilikuja na mgogoro wake. Watu wa Kakola walizoea ngumi na bunduki. Siku ya kwanza alipowawekea wasichana wa kuchorwa, wenye macho kama sahani, wanaocheza mpira wa wavu, mchimbaji mmoja alisimama akauliza kama wao ni watoto wa chekechea. Mtafsiri hakubishana naye. Alishika kipaza sauti akawaambia: hawa wa bluu ni Bagika, hawa wekundu ni Bagalu. Basi. Kwa Wasukuma haihitaji maelezo zaidi. Wakati wa mavuno ngoma hizo mbili huchezwa uwanja mmoja, saa ileile, hawa upande huu na hawa upande ule, na hakuna mwamuzi. Watazamaji wanaamua kwa miguu. Upande utakaojaza watu ndio ulioshinda. Mchezaji unacheza huku unaona watu wako wanatoka mmoja mmoja kwenda kwa wenzako, na huruhusiwi kuacha. Yule mchimbaji akakaa chini, na wiki iliyofuata mabenchi hayakutosha.

Mtafsiri mwenyewe alikuwa Mgika ujanani, tena mcheza mbele. Alinisimulia jinsi walivyoshindwa mwaka mmoja, watu wote wakahamia kwa Bagalu, kwa sababu yeye aliyekuwa anaongoza alikosea hatua. Alikuwa anamtazama msichana wa upande wa pili, mwenye njuga miguuni. Nilimuuliza kama ni Mama Minza. Akachukua brashi yake akaanza kupiga viatu ambavyo vilikuwa vinang'aa tayari.

Niliyojifunza kwake kuhusu kuandika mapenzi sikuyapata kwa mpango, yalikuja vipande vipande kupitia bati. Nilisikia jinsi alivyompa kila mpinzani mama mgonjwa, njia ndefu ya kwenda shule, mdogo wake anayemsubiri, hadi ikafika mahali wachimbaji hawajui wamshangilie nani, wengine wakawa wanagombana wenyewe kwa wenyewe. Nikarudi kwa yule mwanamke wangu wa wigi. Nikampa kwao. Nikamtoa mganga, nikaeleza kwamba amemlea yule mwanamume tangu alipokuwa hana kitu, na sasa anaona anachukuliwa. Niliandika huku machozi yananitoka, jamani, kwa ajili ya mtu niliyekuwa namchukia mwezi mzima.

Halafu kulikuwa na suala la mpira kukaa hewani. Wajapani hao wana tabia ya kurusha mpira mmoja na kuuacha juu wakati mrushaji anakumbuka maisha yake yote. Katika banda letu mpira mmoja ulirushwa Jumanne ukatua Alhamisi. Watu walishuka duarani kuchimba mpira ukiwa hewani, wakapanda wamejaa udongo, na salamu yao ya kwanza ikawa, "Umetua?" Hakuna aliyechoka kusubiri, kwa sababu Mtafsiri alishawaambia kila mmoja pale chini amebeba nini. Mimi katika hadithi zangu watu walikuwa wanakutana sehemu ya kwanza na kubusiana sehemu ya pili. Nikajifunza kuwaachia mkono mmoja mezani, karibu na mkono mwingine, sehemu tatu nzima.

Alinisuta pia kwamba wapenzi wangu hawana kazi. Wachezaji wa katuni, alisema, wanaamka alfajiri, wanakimbia, wanaosha jezi, miguu inatoka malengelenge, na ni hapo ndipo unapowapenda, kabla hata mechi haijaanza. Shujaa wangu alikuwa mkurugenzi ambaye hajawahi kuonekana ofisini. Nikamfanya fundi wa karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, vidole vyake vina makovu ya mkanda. Wasomaji wakaanza kurudi.

Ila alichokipenda zaidi ni walioshindwa. Mechi ikiisha, washindi aliwapa maneno mawili tu. Wana kelele zao, alisema, hawanihitaji. Alihamia kwa yule anayefungua kamba za viatu peke yake kwenye chumba cha kubadilishia nguo, na hapo sauti yake ilishuka, ikawa kama anaongea na mtu mmoja aliyekaa karibu. Nilidhani ni ufundi.

Katuni iliyoleta matata ndiyo hiyo ya mpira wa wavu. Ilikuwa na manahodha wawili waliokulia pamoja, mmoja akahama mji bila kuaga, na sasa wanakutana wavu ukiwa katikati yao. Yule aliyehama, wa bluu, Mtafsiri alimpa maneno ambayo sijawahi kuyasikia popote. Siku moja alimsemea hivi: "Siku niliyoondoka nilikuacha umekaa chini unachambua choroko. Ungeinua uso, nisingetoka. Mpaka leo nikiona choroko natafuta pa kukaa."

Banda lilicheka. Msichana wa Kijapani na choroko wapi na wapi? Mimi sikucheka, nilichukua chaki ya kitambaa nikayaandika maneno yale ukutani kabla hayajanitoka. Jioni ile nikayaweka kwenye hadithi yangu, mdomoni mwa fundi wa karasha, neno kwa neno. Na sikuishia hapo. Kila alichomsemea nahodha wa bluu wiki zile, mimi nilikiiba. Wasomaji wakafurika. Watu wakawa wanatumiana ile sehemu ya choroko kutoka kundi hadi kundi, nikasikia hata wauza mitumba wanaitaja. Nikajiona nimefika.

Sikujua kitu kimoja, ambacho mtu mwenye akili timamu angekijua. Bati halikunitenganisha mimi peke yangu na banda. Nje pia palikuwa na mtu anayesikia bila kuona, na yeye kuhusu choroko alikuwa na habari zaidi yangu.

Minza, binti yao, alikuwa ameolewa Nkome, anakausha dagaa. Alikuja kumsalimia mama yake, na jioni akamsomea hadithi nzuri aliyoipata kwenye simu. Alipofika kwenye choroko, Mama Minza akamwambia arudie. Akarudia. Mama akasema hayo ndiyo aliyoyasikia yakitoka bandani kwa baba yake. Binti akacheka, akasema, "Kumbe baba anayatoa humu, maneno haya kila mtu anayo." Hakuwa na nia mbaya. Kwenye kundi hakuna aliyejua mwandishi ni nani, hivyo hata yeye hakujua kwamba mwandishi ni fundi wa jirani.

Kesho yake meza ya Mama Minza haikuwa mbele ya banda. Alikuwa ameihamishia ng'ambo ya barabara, karibu na karasha, kwenye kelele. Saa saba hakukuwa na kikombe. Nilimsikia Mtafsiri kupitia bati akimuuliza mtu wa kwanza kuingia kama hakupewa kitu. Akamuuliza wa pili. Wa tatu hakumuuliza. Mchana ule alitafsiri vibaya, akachanganya majina, mpaka watu wakaanza kupiga miluzi.

Siku mbili baadaye Mama Minza alikuja kwangu na kitenge, akitaka gauni la safari. Jumamosi anahamia Nkome kwa bintiye, alisema, na hatarudi. Nilimuuliza kulikoni. Nilikuwa nampima mabega aliposema alikuwa mjinga. Miaka yote hii alikuwa akikaa pale kwa sababu ya maneno. Alidhani huyo wa ndani anamkumbuka, kumbe anasoma hadithi za kwenye simu kama kasuku.

Futi ya kupimia ilinidondoka. Nikaiokota. Ningeweza kusema palepale, na sikusema. Niliogopa kuonekana mwizi, niliogopa wasomaji wakijua wataniacha, niliogopa kila kitu ambacho mtu mwenye hatia huogopa. Nilimwambia gauni litakuwa tayari Ijumaa. Usiku wake sikulala, na asubuhi nikavuka barabara hadi kwenye meza yake nikiwa sijapiga hata mswaki.

Nilimwambia yote. Kwamba mwandishi ni mimi, kwamba maneno nilikuwa nayasikia kupitia bati na kuyaandika kama yangu. Karasha ilikuwa inanguruma nyuma yetu, ikabidi nirudie mara mbili, na kuungama kwa kupiga kelele ni adhabu ambayo simtakii mtu.

"Kwa hiyo choroko ni zake," akasema.

"Ni zake, mama. Mimi niliiba."

Aliifuta meza, ambayo ilikuwa safi. "Zilikuwa za mbegu," akasema. "Akasimama mlangoni, sikuinua uso, akatoka. Nikadhani anaenda kuwatoa ng'ombe."

Nilidhani sasa mambo yameisha, atarudisha meza. Nikamwambia unaona basi, anakukumbuka. Akaniangalia kwa upole, na naapa hiyo ndiyo mara pekee niliyoona uchungu usoni kwake.

"Anaongea sana, Fundi. Miaka sita ananieleza yeye aliumiaje. Hajaniuliza hata siku moja mimi niliishije."

Safari iko palepale, akasema. Jumamosi.

Kwenda kumkabili Mtafsiri ana kwa ana nilishindwa. Ijumaa asubuhi, nilipojua yuko peke yake bandani na picha yake isiyo na sauti, nilisogea ukutani nikagonga bati. Nilimwambia Mama Minza anaondoka kesho. Nikamwambia anasema unaongea sana, na hujamuuliza aliishije. Kuhusu wizi wangu sikutia neno. Kutoka upande wa pili nikasikia, "Nimesikia, Fundi."

Mchana wa Ijumaa ile ulikuwa wa sehemu ya mwisho ya katuni, na banda lilijaa mpaka watu wakakaa kwenye ndoo. Mama Minza alikuwa kwangu anajaribu gauni. Nilikuwa nimepiga magoti, nimemshikiza pindo kwa pini, mdomo umejaa pini nyingine. Kupitia bati Mtafsiri alikuwa anakwenda vizuri kama zamani: pointi ni sawa, limebaki bao moja, nahodha wa bluu anarusha mpira, mpira uko juu, nahodha mwekundu anamtazama, wanatazamana.

Kisha akanyamaza.

Tulisubiri. Ni sehemu hizo ndizo alizokuwa akizijaza maneno, na muda wote mimi nilidhani wale wasichana wanaongea, kumbe walikuwa wanatazamana tu. Muziki wa katuni uliendelea kidogo chini chini. Mtu mmoja akaita, "Mtafsiri, umesinzia?" Mwingine akamnyamazisha. Mama Minza aliacha kujitazama kwenye kioo.

"Kuna nini huko?" akaniuliza.

Nikatoa pini mdomoni. "Sijui, mama. Mimi sioni."

Alisimama hivyo, nadhani kama mtu anayehesabu pumzi. Halafu akatoka, gauni lina pini kuzunguka pindo lote, hana viatu, akapita mlango wangu, akageuka kulia, akaingia bandani. Mabenchi yalisogezwa. Karasha ndiyo pekee iliyokuwa inasikika. Mtafsiri alikuwa ameshusha kipaza sauti mapajani bila kukizima, ndiyo maana nilichosikia kilisikika pia kwa wauza nyanya na kwa bodaboda wote wa stendi.

"Mama Minza," alisema, "uliishije?"

Jibu sikulisikia. Yeye hakuwa na kipaza sauti. Nilibaki nimepiga magoti sakafuni kwangu, sikio kwenye bati, na nilisikia tu sauti ya chini ya mwanamke ikienda, ikienda, na banda zima la wachimbaji likiwa kimya. Mpira wa wavu hakuna aliyeuliza kama umetua.

Jumamosi aliondoka kama alivyosema. Wale waliotaka hadithi iishe na harusi walikasirika, na wengine walinikasirikia mimi, kana kwamba nimeiandika. Mtafsiri alibaki Kakola miezi miwili. Kisha akapita mlango kwa mlango, kwa mwenyekiti, kwa wauza mitumba, kwa wenye karasha, akimuaga kila mtu kwa kumshika mkono. Kwangu alisimama muda mrefu kuliko kwa wengine, akaniambia bitana ya koti bado nzima. Kule kwenye kundi niliandika kwamba choroko hazikuwa zangu, ni za mtu mwingine, nami nilizichukua bila ruhusa. Kuna walioondoka. Safari hii hawakusingizia simu.

Nilimwona tena mwaka mmoja baadaye. Nilipeleka Nkome sare za wasimamizi wa harusi, na kazi ilipoisha niliuliza njia ya kwa Minza. Nyumba ya Minza iko juu kidogo ya mwalo, pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, dagaa zimetandazwa kwenye nyavu hadi karibu na mlango. Alikuwa kwenye kivuli cha ukuta, hana koti, viatu vyeusi vimewekwa juu ya jiwe ili visipate magamba ya samaki. Nilimwamkia. Marahaba yake ilikuwa bado ndogo. Mama Minza alinipungia mkono kutoka kule nyuma ya nyumba alikokuwa anageuza dagaa, na baadaye akatuletea chai ya tangawizi, vikombe viwili, kwa mkono wake mwenyewe.

Nilikuwa nimebeba maneno yangu tangu Kakola, nikayatoa. Nilimwambia niliyachukua, tangu choroko hadi mwisho, na kwamba ni mimi niliyekaribia kumharibia. Alikunywa chai yake.

"Nilikuwa nasoma," akasema.

Alikuwemo kwenye kundi. Tangu siku ile ya bitana alijiunga kwa jina la mtu mwingine, akasoma kila sehemu. Nilimuuliza kwa nini hakunikataza. Alitazama chini, na nikaona mabega yake, kama alivyonifundisha, yakishuka.

"Nilidhani yatamfikia kwa njia mbili," akasema. "Moja ikikwama, nyingine ipite."

Sikujua nicheke au nilie, nikafanya vyote viwili kidogo kidogo. Nikamuuliza sasa anafanya kazi gani. Anageuza dagaa, akasema, na kutafsiri ameacha. Na mkewe? Siku hizi yeye humuuliza, akasema, na mkewe bado hajamaliza kumjibu. Wamefika mwaka wa pili kati ya ile minne aliyotoweka.

Jua lilipoanza kupungua nikasimama, nikasema naenda kutafuta bodaboda. Akavaa viatu vyake, akavipiga brashi, akasema atanisindikiza. Barabara unaiona ukiwa pale mlangoni, ni hatua zisizofika mia. Nikaanza kutembea, nikageuka, sikumwona. Nilidhani amebadili mawazo.

Alikuwa amezunguka nyuma ya nyumba. Nilimsikia kabla sijamwona, kama siku za mwanzo.

"Mama Minza. Namsindikiza Fundi hapo barabarani. Narudi sasa hivi."

"Haya," akajibu mwanamke, bila kuacha kugeuza dagaa.

Ndipo akaja.